Kusukuma chembe ya dhahabu ya nanometa 30 kwa kalamu ya mguso: mwongozo wa hatua kwa hatua

Hadubini ya kani ya atomi haina jicho. Ina ncha tu, kisindano cha silikoni kilichochongoka hadi nusukipenyo cha nanometa 10 hivi (nanometa ni sehemu ya bilioni ya meta), kilichokaa mwishoni mwa wenzo mwembamba, kikipapasa sampuli mstari baada ya mstari mpaka picha itimie. Ncha hiyohiyo ndiyo utakayosukumia. Kwa hiyo ukisukuma hupigi picha, na ukipiga picha husukumi. Unachokiona kwenye skrini wakati chembe inasogea ni picha ya dakika kadhaa zilizopita.

Pengo hilo linazibwa na mguso. Wenzo ukipinda, mwali wa leza unaoakisiwa mgongoni mwake unahama kwenye sensa. Kompyuta inaugeuza mhamo huo kuwa kani, inaikuza, kisha inairudisha kwenye kalamu yenye mota uliyoishika mkononi. Chuo Kikuu cha North Carolina, kule Chapel Hill, kilianza njia hii mapema miaka ya 1990 kwa mtambo walioupa jina nanoManipulator. Russell Taylor na wenzake waliona kwamba faida kubwa ya mguso ilikuwa kupata mahali sahihi pa kuanzia kazi na kuifuata njia bila kupotea, mambo ambayo picha peke yake haikuweza kuwapa. Kwa mtambo huo Michael Falvo na wenzake walikunja nanotyubu za kaboni, yaani mirija myembamba mno ya kaboni, huku na huku bila kuzivunja (1997), kisha wakaonyesha kwamba zikiwa juu ya grafiti kuna wakati hubiringika badala ya kuteleza (1999).

Kabla hujagusa chochote, shika jambo moja: kani unayoisikia vidoleni imetengenezwa na hesabu. Hesabu ikiwa sawa, mkono unakuambia kweli ambayo skrini haiwezi kukuambia. Ikiwa mbaya, mkono unapata hisia safi, laini, ya kuaminika kabisa, na ya uongo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maandalizi. Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi au fundi wa maabara ambaye tayari anajua kupiga picha kwa hadubini hii na sasa anataka kusogeza vitu.

Hatua ya 1: Zoeza mkono kwenye kompyuta kwanza

Saa za hadubini ni ghali, na ncha zinavunjika. Mkono unaweza kuanza kujifunza bila hadubini. Pakua CHAI3D, maktaba huria ya programu za mguso. Inafanya kazi na kalamu za aina nyingi, na ina kifaa cha mfano kwa asiye na kalamu kabisa. Kama unaweza kupata Novint Falcon iliyotumika, kifaa cha mguso cha bei nafuu, inatosha kwa mazoezi. Pakua pia Gwyddion, programu ya bure ya kuchambua picha za hadubini za ncha. Chukua picha ya zamani ya maabara yenu, isafishe ndani ya Gwyddion, itoe kama ramani ya vimo, kisha iingize kwenye CHAI3D kama uso unaogusika.

Zoezi ni hili: fumba macho, papasa, na useme chembe iko wapi na kilele chake kiko upande gani. Ukiweza kufanya hivyo mara nyingi mfululizo, endelea. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanajifunzia kwenye ncha za maabara.

Hatua ya 2: Andaa sampuli rahisi

Anza na chembe za dhahabu za nanometa 30 juu ya ulanga. Ulanga ni yale mawe yanayobanduka tabaka kwa tabaka. Ukibandika selotepu na kuivuta, unapata uso mpya ulio bapa kwa kiwango cha atomi, hakuna kinachoushinda kwa bei hiyo. Shida ni kwamba ulanga ndani ya maji una chaji hasi, na chembe za dhahabu zinazouzwa kwenye maji yenye sitrati (chumvi ya asidi ya ndimu) nazo zina chaji hasi, kwa hiyo hazikai. Tandaza kwanza poli-L-lisini, ambayo ina chaji chanya, suuza kwa maji safi yaliyochujwa ioni, kausha kwa naitrojeni, ndipo udondoshe dhahabu. Subiri dakika kama kumi, suuza tena, kausha.

Unataka chembe chache, zilizotawanyika. Zikiwa zimerundikana, zimua mchanganyiko na urudie. Usianze na virusi wala DNA hata kama ndivyo vilivyokuleta kwenye kazi hii. Dhahabu ni ngumu, haibadiliki umbo unapoisukuma, na kimo chake unakijua tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Chagua wenzo na uupime mwenyewe

Wenzo ni springi. Zile laini sana, chini ya nyutoni 1 kwa meta, zinahisi kani ndogo lakini hewani hunasa: ncha ikikaribia uso, mvuto pamoja na utando mwembamba wa maji huishinda springi, na ncha inaruka na kubamiza. Zile ngumu za kupigia picha kwa kugonga, yaani ncha ikidundadunda juu ya uso, za nyutoni 40 kwa meta hivi, hazinasi kirahisi, ila zinaleta tabu nyingine utakayoiona kwenye hatua ya 4. Kwa kazi hii napendelea za katikati, takriban nyutoni 3 kwa meta, zinazotetemeka kwa kilohezi 75 hivi. Unaweza kupigia picha kwa kugonga na kusukumia kwa wenzo huohuo.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi usiiamini. Unene wa wenzo hutofautiana kutoka kimoja hadi kingine, na ugumu unakwenda na unene uliopandishwa mara tatu, kwa hiyo kosa dogo la unene linakuwa kosa kubwa la ugumu. Pima kwa njia ya mtetemo wa joto ambayo hadubini nyingi za sasa zinayo ndani ya programu, au kwa njia ya Sader inayotumia urefu, upana, marudio ya asili na jinsi mtetemo unavyofifia hewani. Pima pia ni nanometa ngapi za kupinda zinazotoa volti moja kwenye sensa. Kipimo hiki kinahitaji kuigandamiza ncha kwenye kitu kigumu kama silikoni, na kugandamiza kunaibutua. Fanya kwa kani ndogo, mara chache.

Bila vipimo hivi viwili, kinachofika mkononi mwako ni volti zilizovalishwa jina la nyutoni.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya vizidishi

Hapa tulia. Kuna vizidishi viwili. Cha kwanza ni cha mwendo: mkono ukienda kiasi fulani, ncha iende kiasi gani? Cha pili ni cha kani: ncha ikisikia kiasi fulani, mkono usikie kiasi gani?

Chukua kalamu ya kawaida ya maabara kama Touch ya 3D Systems, ambayo zamani iliitwa PHANToM Omni. Eneo lake la kufanyia kazi ni milimeta 160 kwa 120 kwa 70, na kani yake ya juu ni nyutoni 3.3. Tuseme mwendo tunaugawa kwa 100,000. Sentimeta 1 ya mkono inakuwa nanometa 100 za ncha, na upana wote wa kalamu unakuwa mikrometa 1.6, eneo la kutosha chembe kadhaa. Mtetemo wa kawaida wa mkono, tuseme sehemu ya kumi ya milimeta, unakuwa nanometa 1. Hilo linavumilika.

Sasa kani. Tuseme tunaikuza mara milioni 30. Nanonyutoni 30 kwenye ncha zinakuwa nyutoni 0.9 mkononi, kani unayoisikia waziwazi bila kuchoka. Kikomo cha kalamu, nyutoni 3.3, kinalingana na nanonyutoni 110.

Wengi huishia hapo, na wanashangaa kalamu inapoanza kutetemeka na kupiga kelele kila ncha inapogusa. Kitu walichosahau ni ugumu unaotokea mkononi, ambao ni ugumu wa wenzo mara kizidishi cha kani, ukigawanywa kwa kizidishi cha mwendo. Kwa wenzo wetu: 3 mara milioni 30, gawanya kwa 100,000, ni nyutoni 900 kwa meta. Jitahidi ubaki chini ya nyutoni 1,000 kwa meta kwa kalamu za daraja hili, maana ukipita hapo mota zinashindwa kuigiza kitu kigumu hivyo bila kutikisika. Sasa jaribu hesabu hiyohiyo kwa wenzo wa nyutoni 40 kwa meta: unapata 12,000. Ndiyo tabu niliyoitaja. Ili kuitumia ungelazimika kupunguza ukuzaji wa kani mara kumi na zaidi, na kani ndogo zingepotea kabisa mkononi.

Hakiki hesabu kwa njia nyingine: nanonyutoni 30 zinaupinda wenzo wetu nanometa 10, yaani milimeta 1 ya mkono; nyutoni 900 kwa meta mara milimeta 1 ni nyutoni 0.9. Zikilingana hivyo, andika vizidishi vyako kwenye karatasi na uibandike kando ya skrini.

Kuna swali moja la kumuuliza aliyeunganisha mtambo wenu: kinachorudi kwenye kalamu ni kani iliyopimwa, au ni umbo la uso lililogeuzwa kuwa kani? Mitambo mingine huiacha hadubini yenyewe ilinde kimo cha ncha, na mkono unapewa ukuta wa kufikirika unaofuata kimo hicho. Ni hali nzuri kwa kupapasa, kwa sababu imetulia. Lakini ukiwa katika hali hiyo na ukasema umesikia chembe ikikataa kusogea, umejidanganya, umesikia kilima. Ukisukuma, hamia hali ya kani iliyopimwa.

Hatua ya 5: Kasi ya mzunguko na vizuizi vya usalama

Macho yanaridhika na picha 30 kwa sekunde. Vidole havidanganyiki hivyo. Kani inatakiwa kusasishwa mara 1,000 kwa sekunde. Ikishuka sana chini ya hapo, kitu kigumu kinasikika kama mpira na kalamu inaanza kucheza. Ipe programu ya mguso uzi wake peke yake kwenye kompyuta (thread, yaani mkondo wa kazi unaojitegemea), usiichanganye na uchoraji wa picha.

Kama hadubini iko mbali nawe na unaiendesha kwa intaneti, usijaribu kupitisha kani ghafi kwenye mtandao. Ucheleweshaji wa sehemu ya kumi ya sekunde unatosha kuuvuruga mzunguko mzima. Njia iliyotumika Chapel Hill inafanya kazi hadi leo: hadubini hutuma bapa dogo linaloelezea uso ulipo chini ya ncha, na kompyuta iliyo karibu na mkono hulisimamia bapa hilo kwa mara 1,000 kwa sekunde, likibadilishwa kila habari mpya inapofika. Wanafunzi wa sekondari nchini Marekani waligusa virusi kwa mtambo huo wakiwa shuleni kwao, mbali na hadubini. Kwa vyuo vyetu ambavyo havina hadubini ya aina hii, hilo linastahili kufikiriwa kwa uzito. Ila kupapasa kwa mbali ni kitu kimoja na kusukuma ni kingine. Kwa kusukuma ucheleweshaji unakunyima ule ukweli wa papo hapo uliokuwa unautafuta.

Weka vizuizi vitatu kabla ya kushusha ncha. Kani ya juu kwenye ncha, mathalani nanonyutoni 100, ikipitwa ncha ijinyanyue yenyewe. Kasi ya juu ya ncha, ili mkono ukishtuka ncha isiruke. Na kitufe cha kalamu kiwe cha kushikilia: ukikibonyeza ncha inagusa, ukikiachia inapanda. Usikubali mpangilio wa bonyeza mara moja kuwasha na mara nyingine kuzima. Ukipiga chafya, kidole kinaachia chenyewe.

Hatua ya 6: Pima kuhama kwa sampuli

Joto la chumba likibadilika kidogo tu, vyuma vinatanuka na sampuli inahama chini ya ncha. Washa hadubini, leza na taa, funga mlango, na uache vitulie saa moja au zaidi. Kisha piga picha mbili za eneo lilelile na ulinganishe mahali pa chembe moja. Ikiwa imehama nanometa 12 kwa dakika 4, mhamo ni nanometa 3 kwa dakika. Baada ya dakika 5 chembe unayoilenga iko nanometa 15 kando ya pale unapoiona, ambayo ni nusukipenyo chake kizima. Hapo ungekuwa unasukuma ukingo, au hewa.

Mhamo ukiwa mkubwa kuliko huo, subiri. Ukiwa mdogo na wa upande mmoja, ingiza kasi na mwelekeo wake kwenye programu ili ikurekebishie. Skana ya piezo, kile kifaa kinachoisogeza ncha au sampuli kwa umeme, ikiwa haina sensa za mahali inaongeza tabu yake, kwa sababu piezo huendelea kutambaa baada ya kusogezwa na hairudi njia ileile. Skana yenye sensa inastahili gharama yake yote kwa kazi ya kusukuma.

Hatua ya 7: Papasa kabla ya kusukuma

Piga picha moja nzuri. Soma kimo cha chembe, achana na upana. Ncha ina unene wake, na chembe ya nanometa 30 ikipigwa picha na ncha ya nusukipenyo cha nanometa 10 inaonekana na upana wa karibu 50. Kimo kikiwa karibu na 30, unayo chembe moja. Kikiwa 60, huenda zimepandana, tafuta nyingine.

Shuka mahali patupu, kama nanometa 100 kutoka kwenye chembe. Sikiliza kwa vidole jinsi ncha inavyotua. Mvuto mfupi wa ghafla kuelekea chini ni ncha kunasa usoni. Sasa nyanyua polepole: kalamu inakushikilia, inakushikilia, halafu inaachia. Kani ya kuachia ndiyo mnato wa siku hiyo, na hewani inaweza kufika makumi ya nanonyutoni. Siku za unyevu mwingi, kama Dar es Salaam au Mombasa wakati wa mvua, utando wa maji unaupandisha. Pitisha naitrojeni kavu kwenye kifuniko cha hadubini. Mnato ukizidi kani unayotarajia kusukumia, usiendelee. Hutaweza kutenganisha chembe na maji.

Kisha, katika hali ya kupapasa, pita juu ya chembe kwa kani ndogo mara mbili tatu, kushoto kwenda kulia, kisha mbele kwenda nyuma. Tafuta kilele chake kwa mkono. Kikiwa tofauti na kilipo kwenye skrini, amini mkono, maana huo ndio unaojua ilipo sasa.

Hatua ya 8: Sukuma

Sukuma kwa mwelekeo unaokata urefu wa wenzo, yaani kutoka ubavuni mwake. Wenzo ukisukumwa kwa kufuata urefu wake, msuguano unaukunja kwa namna ambayo sensa inaisoma kama kani ya wima, na mkono unapewa habari mbili zilizochanganyika. Kutoka ubavuni, kupinda na kusokoteka vinasomwa mbali mbali. Kumbuka pia kwamba kani ya kusokoteka inahitaji kipimo chake. Kama hujakifanya, itumie kujua imepanda au imeshuka, usiiandike kwa nyutoni.

Rudi nyuma nanometa 100, shusha ncha mpaka iguse ulanga kwa kani ndogo, na uende mbele kwa mkono wa taratibu, sentimeta 1 kwa sekunde au pungufu, ukilenga katikati ya chembe. Mtoto anayeendesha ringi kwa kijiti anajua kwamba akiligonga pembeni linakata kona. Chembe nayo ndivyo. Kama programu yenu inaweza kuufunga mkono kwenye mstari mnyoofu, ufunge kwa pande za kulia na kushoto, lakini wima uuache huru. Wima ndiko habari zinakotoka.

Vidole vitasikia moja kati ya mambo haya:

Kani inapanda, inapanda, inashuka ghafla, kisha inakaa mahali pamoja. Chembe imeng'oka na sasa inasogea. Endelea.

Kalamu inanyanyuka juu. Ncha inaparamia chembe. Simama, rudi, ongeza kani ya kushuka kidogo, jaribu tena.

Kani inapanda, inashuka hadi sifuri na haipandi tena. Chembe imeponyoka pembeni. Usiitafute kwa kupapasa ovyo, piga picha.

Kani inapanda mpaka kizuizi kinainyanyua ncha. Chembe imegandia. Chagua nyingine, usiongeze kizuizi.

Sogeza nanometa 50 hivi kwa mkupuo mmoja kisha upige picha ndogo ya eneo hilo tu. Ukishaizoea chembe unaweza kwenda mikupuo mirefu zaidi, ila siku za kwanza picha fupi fupi ndizo zinazoufundisha mkono kipi kilikuwa kweli.

Hatua ya 9: Chembe ikipotea

Chembe isipoonekana pale ulipoiacha wala njiani, huenda imepanda kwenye ncha. Dalili ni mbili: kila kitu kwenye picha mpya kinaonekana kimevimba au kimerudiwa mara mbili kwa umbo lilelile, na mnato unaoupima mahali patupu umebadilika ghafla. Wakati mwingine kugusa kwa kani kubwa kidogo mahali pasipo na chembe huiangusha. Ikishindikana, badilisha ncha, upime wenzo mpya upya, na urudi hatua ya 4, kwa sababu ugumu umebadilika na vizidishi vyako navyo havifai tena.

Hatua ya 10: Hifadhi kumbukumbu

Kwa kila msukumo hifadhi picha ya kabla na ya baada, njia ya ncha, kani ya wima na mawimbi ya kusokoteka kwa kasi kamili ya sensa, kabla hayajachujwa kwa ajili ya mkono. Andika ugumu wa wenzo na njia uliyoupimia, vizidishi vyote viwili, unyevu wa chumba, mhamo uliopima, na kama mkono ulikuwa huru au umefungwa kwenye mstari. Andika pia ulichokisikia, kwa maneno yako, palepale kabla hujafungua grafu: "iling'oka mapema", "ilivuta kushoto". Baadaye ukilinganisha maneno hayo na grafu utaona ni hisia zipi za mkono wako zina namba nyuma yake, na zipi zilitoka kwenye kichujio au kwenye mota za kalamu. Msukumo ambao hisia na grafu vinapingana uwekee alama na uurudie kwa chembe nyingine kabla ya kuutumia kwenye ripoti.